Daftari la Jioni

Ukitoka Morogoro mjini kuelekea Dar es Salaam, ukishavipita viwanja vya Nanenane, unaingia Kingolwira. Mkono wa kulia Milima ya Uluguru imekaa na wingu lake begani, na kando ya barabara kuna kijiwe cha bodaboda chenye nguzo ya umeme isiyoishiwa matangazo. Leo kiwanja kinauzwa, kesho mganga anarudisha mpenzi aliyepotea. Mwezi uliopita niliona karatasi iliyoandikwa kwa kalamu ya wino mzito: QT, KIDATO I–IV, KURUDIA MITIHANI, MASOMO YA JIONI, WATU WAZIMA KARIBUNI. Namba ya simu ilikuwa imeandikwa chini mara kumi, kwenye vipande vya kuchana. Vitatu vilikuwa vimeshachanwa.

Nilisimama kuvitazama vile vipande hadi kijana wa bodaboda akaniuliza kama natafuta mwalimu. Hapana, nilimwambia, namtafuta bibi yangu. Alicheka, lakini sikuwa namtania. Bibi alisoma hapahapa, mwaka 1973, na wala hakuchana karatasi yoyote kwenye nguzo. Yeye alifuatwa nyumbani.

Maneno "mtu mzima" yana mtego wake. Tunasema utu uzima dawa. Mtu mzima ndiye anayeitwa ndoa ikivunjika, anayegawa shamba la ukoo, anayesema neno la mwisho msibani. Kisha tunamwita huyohuyo aje akae kwenye dawati lililotengenezwa kwa magoti ya mtoto wa miaka minane, aambiwe "rudia, a, e, i, o, u". Kila serikali iliyopita katika nchi hii imepambana na aibu hiyo, na kila moja ilikuwa na namna yake.

Mtu mzima wa milimani alianza kufundishwa zamani kuliko tunavyodhani. Mwaka 1871, msafiri Stanley alipoikuta ngome ya Simbamwene hapa Morogoro, njia ya misafara kutoka Bagamoyo ilikuwa imeshaleta waungwana walioandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na mfanyabiashara aliyetaka kuandika hawala alijifunza kwa kukaa nao. Mapadri wa Roho Mtakatifu walifungua misheni ya Morogoro mwaka 1882, na baadaye Matombo kule upande wa mashariki wa milima. Miongoni mwa wakatekumeni wao walikuwamo watu wenye wake na wajukuu, wakikariri katekisimu ili wabatizwe. Nadhani hilo ndilo darasa la kwanza la watu wazima Uluguru, ingawa hakuna aliyeliita hivyo. Mwaka 1907 reli ikafika Morogoro, na mashamba ya mkonge yakaanza kutanda kwenye tambarare hii. Manamba walioletwa kutoka mbali walihesabiwa kazi kwa kipande, alama kwa alama. Kwa wengi kipande hicho ndicho kilichokuwa karatasi ya kwanza kuisoma kwa makini, kwa sababu alama moja ikikosekana, mshahara haupo.

Waingereza walipochukua nchi walianzisha gazeti la Mambo Leo mwaka 1923, likawa linasomwa kwa sauti barazani, msomaji mmoja na wasikilizaji ishirini. Magereza yao yakaja Kingolwira miaka ya 1930, kambi ya mashamba na mifugo. Mpaka leo ukimwambia mtu wa Dar es Salaam kwamba unakaa Kingolwira, anakuuliza kwa nusu ya tabasamu umefungwa miaka mingapi. Elimu ya watu wazima yenyewe waliijaribu Upareni kuanzia 1949, na huko ilifanya vizuri. Uluguru walileta kitu kingine.

Huo ulikuwa mpango wa kuhifadhi ardhi ya milima, ulioanza karibu na 1950. Wakulima waliamriwa kuchimba matuta ya ngazi kwenye miteremko mikali ili udongo usiteremke na mvua. Nia haikuwa mbaya, na kule Mgeta, ambako mboga zililimwa kwa umwagiliaji, ngazi zilikubalika na zipo mpaka leo. Lakini upande wa Matombo matuta yalifukia udongo wenye rutuba chini na kuuleta juu udongo mfu. Kazi iliwaangukia zaidi wanawake, na asiyechimba alitozwa faini. Julai 1955 watu walikusanyika Matombo kupinga, polisi wakafyatua risasi, mtu akauawa. Mpango ukazikwa. Bibi yangu alikuwa msichana mkubwa wakati huo. Kila nilipomuuliza kuhusu kusoma, alianza na matuta. "Mwanangu," alikuwa akisema, "sisi kufundishwa tulikujua. Bwana shamba alikuja na jembe mkononi, nyuma yake askari."

Kwa hiyo Uhuru ulipokuja, na serikali mpya ikasema itawafundisha watu wazima, huku milimani watu walitazama kwanza nani anatembea nyuma ya mwalimu.

Mwalimu Julius Nyerere alishalisema waziwazi mwaka 1964, alipouzindua mpango wa kwanza wa maendeleo wa miaka mitano: lazima tuanze na watu wazima, kwa sababu watoto hawataubadilisha uchumi wetu kwa miaka mitano, kumi, hata ishirini. Ni hoja ya mkulima, anayejua mche haumlishi mwaka huu. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ilikuwa imezaliwa tayari, mwaka 1960, kama tawi la masomo ya nje la Makerere, kisha ikawa chini ya chuo kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 1969 kazi yote ilihamishiwa Wizara ya Elimu, na uamuzi huo ambao leo unaonekana wa kiofisi ndio uliobadili kila kitu. Kila shule ya msingi sasa ilikuwa pia shule ya wazazi wa watoto wake. Mkesha wa mwaka mpya Mwalimu akautangaza 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mkutano mkuu wa TANU wa Septemba 1971 ukaweka ukomo: ujinga wa kutojua kusoma ufutwe nchi nzima kabla ya Desemba 9, 1975. Sensa ya 1967 ilikuwa imeonesha kwamba watu wazima 67 katika kila 100 hawakujua kusoma wala kuandika.

Hapo ndipo bibi alipofuatwa. Babu alikuwa mkata mkonge, na kambi yao ilikuwa mwendo wa nusu saa kutoka njia ya reli. Darasa lilikuwa chini ya mwembe. Ubao ulikuwa mbao tatu zilizopigiliwa misumari, zikapakwa weusi uliosagwa kutoka kwenye betri kuukuu za redio. Muda ulikuwa saa kumi alasiri, wanawake wakishatoka shamba na kabla hawajawasha moto. Mwalimu alikuwa kijana aliyemaliza darasa la saba, mtoto wa jirani, ambaye bibi alimwogesha alipozaliwa. Walimu kama yeye walilipwa posho ya shilingi 30 kwa mwezi, ilipofika. "Sikuona haya kwa watu," bibi aliniambia. "Niliona haya kwa yule mtoto." Watu waliliita ngumbaru. Serikali ililiita kisomo chenye manufaa, kwa sababu vitabu vyake vilizungumzia pamba, migomba, uvuvi, ng'ombe na malezi, kazi ambazo msomaji alikuwa anazifanya tayari. Mtindo huo ulijaribiwa kwanza kanda ya Mwanza, kati ya 1968 na 1972, kwa msaada wa UNESCO.

Redio nayo ilifanya kazi ambayo sijui kama simu za leo zimewahi kuifikia. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza. Kila kikundi kilikuwa na redio moja, kitabu kimoja na kiongozi mmoja, na mwisho wa kipindi swali lilikuwa: tunaanza na choo cha nani? Mwaka huohuo Waziri Mkuu Rashidi Kawawa alitoa waraka kwamba kila mahali pa kazi patengwe muda wa wafanyakazi kusoma. Mkata mkonge, mpiga chapa na karani, wote waliingia darasani ndani ya saa za kazi. Leo mwambie mwajiri yeyote kwenye barabara ya Morogoro jambo hilo, usikilize atakavyocheka.

Sitaki kuipamba kampeni hii kupita kiasi. Mahali pengine viongozi walitumia sheria ndogo na faini kuwapeleka watu darasani, na kwa Mluguru anayekumbuka matuta harufu ilikuwa ileile. Wengi waliandikishwa ili idadi ipande, wakahudhuria wiki mbili. Watu wazima hawakupewa miwani, na macho ya miaka hamsini hayaoni herufi ndogo hata moyo ukitaka. Lakini ukiuliza ni lini nchi maskini ilimfuata mkulima wake hadi chini ya mwembe kumwomba asome, hakuna mifano mingi. Cuba walifanya mwaka 1961, kwa mwaka mmoja, na kisiwa chao ni kidogo.

Agosti 1975 ukafanyika mtihani wa taifa. Walioandikishwa walikuwa takriban milioni 5.2, na waliofanya mtihani takriban milioni 3.8. Kulikuwa na hatua nne: ya tatu kwa anayeweza kusoma na kuandika sentensi fupi, ya nne kwa anayeweza kusoma gazeti na kutunza hesabu zake. Kiwango cha wasiojua kikashuka hadi 39 kwa 100, na mtihani wa 1986 ukatoa 9.6. Mimi namba hiyo ya mwisho siiamini sana, kwa sababu miaka sita baadaye ilikuwa imerudi 16, na watu hawasahau kusoma kwa kasi hiyo. Au pengine wanasahau, pale ambapo hakuna kitabu wala gazeti linalofika. Maktaba za vijiji na magazeti ya vijijini, kama Elimu Haina Mwisho lililoanza kanda ya Ziwa mwaka 1974, yalikufa kimyakimya uchumi ulipobana.

Bibi alipata hatua ya tatu. Aliilalamikia hadi kufa kwake. Alisema alipewa gazeti lenye maandishi kama mchwa, akaulizwa habari ya Angola, wakati yeye alikuwa amejiandaa kwa habari ya migomba. Alituachia daftari moja lenye jalada la bluu. Kurasa za mwanzo zina silabi, ba be bi bo bu, zimekanyagana. Baada ya ukurasa wa kumi na tano silabi zinaisha ghafla, na yanaanza mambo mengine: mchele vibaba vinne, mama fulani, mafuta ya taa, chupa moja, chumvi, bado. Ni madeni. Hadi 1981 alikuwa akiandika madeni. Sina cheti chake cha hatua ya tatu, panya walikula, lakini daftari ninalo.

Kwa kizazi cha bibi kisomo kiliishia hapo, na hakikudai zaidi. Hakuna aliyemwahidi kazi. Sasa nenda kwa watu waliokatishwa masomo katikati, ambao shida yao si kusoma bali ni cheti, nawe utakuta kwamba mfano wa kwanza mkubwa hapa Morogoro haukuwa wa Watanzania. Baada ya maandamano ya Soweto ya Juni 16, 1976, mamia ya vijana wa Afrika Kusini walikimbia nchi yao bila kumaliza shule. Serikali ya Tanzania iliipa ANC shamba kuukuu la mkonge Mazimbu, ng'ambo ya mji, na kuanzia 1978 ikajengwa shule iliyopewa jina la Solomon Mahlangu. Vijana wale walimaliza sekondari uhamishoni, kwa mitihani iliyotambulika nje, ili Afrika Kusini ikiwa huru wasirudi mikono mitupu. Julai 1992 majengo yakakabidhiwa kwa Tanzania, na leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine. Wamarekani walilikuta jambo hilihili mwaka 1942, walipotunga mtihani wa GED kwa askari walioacha shule kwenda vitani. Popote vita, umaskini au mimba vinapomtoa mtu darasani, lazima itafutwe njia ya kumrudisha kwa mlango wa pembeni.

Kwetu mlango huo una majina mengi. Upande wa Bigwa, si mbali na Kingolwira, kuna Chuo cha Maendeleo ya Wananchi, kimoja katika ukoo wa vyuo zaidi ya 50 vilivyoanza mwaka 1975 baada ya Mwalimu kuvutiwa na shule za wananchi za Sweden. Nazo zilitoka kwa Mdenishi Grundtvig, ambaye mawazo yake yalizaa shule ya kwanza ya aina hiyo mwaka 1844, shule ya wakulima isiyo na mtihani. Vyuo vyetu vimehamishwa wizara zaidi ya mara moja, kama mtoto wa kambo. Sasa vina programu ya mabinti waliokatishwa sekondari, na jina lake, ukiamini usiamini, ni lilelile la gazeti lililokufa: Elimu Haina Mwisho. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ukaja MEMKWA kwa watoto walioikosa shule ya msingi, wenye miaka 11 hadi 18, na kwa wazazi wao MUKEJA. Nchi yetu haijawahi kukosa vifupisho.

Na upo QT, Mtihani wa Maarifa, ambao Baraza la Mitihani huutoa kila Novemba. Ambaye hakusoma kidato cha kwanza na cha pili akiufaulu, anaruhusiwa kufanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Namba ya kituo chake huanza na P badala ya S. Herufi hiyo inajulikana sana. Mwajiri akiiona P anainua nyusi, na mwenye cheti anajua kwa nini zimeinuka. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, iliyopata uhuru wake kwa sheria ya 1975, inaubana mwendo wa sekondari uwe hatua mbili: vidato viwili vya mwanzo kwa mwaka mmoja, viwili vya mwisho kwa mwaka mwingine.

Juni 2017 Rais John Magufuli alitamka hadharani kwamba binti aliyejifungua hatarudi katika shule ya serikali. Kwa hiyo milango ya pembeni ikawa milango pekee. Machi 2020 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 500 kwa ajili ya sekondari, ukiwa na fungu la njia mbadala kwa waliokatishwa masomo. Novemba 24, 2021 Waziri Joyce Ndalichako akaondoa zuio, na sasa binti anaweza kuchagua kurudi shuleni kwake au kwenda kituo cha njia mbadala, ambako mabinti wa mpango wa mkopo huo hawalipi ada. Wengi huchagua njia mbadala. Nimewauliza wawili watatu. Jibu ni moja, ni lile la bibi: haya. Kule hakuna anayewajua.

Lakini mpango huo ni wa mabinti wa umri fulani, na tangazo la nguzo ya Kingolwira ni la waliobaki. Binamu yangu, mwana wa mama mdogo, ni mmoja wa waliochana karatasi. Ana miaka 34 na anauza vitumbua asubuhi kituoni. Aliacha shule kidato cha kwanza, ada ikiwa bado inalipwa, yaani kabla ya 2016, na anataka kusomea uuguzi, au kama umri utamkatalia, angalau asiwe anaitiwa mtoto wa jirani kumsomea barua za benki. Nilimsindikiza kujiandikisha. Tulidhani tutakwenda shuleni, tuonane na mwalimu mkuu, tujaze fomu. Tulielekezwa steshenari karibu na stendi ya Msamvu.

Ni chumba cha hatua nne kwa tatu, mashine ya fotokopi inanguruma, wanafunzi wa vyuo wamejazana. Kijana wa kompyuta hakumtazama. "Dada, jina kama lilivyo kwenye cheti cha darasa la saba." Binamu akalitaja. "Na la NIDA?" Hapo ndipo mambo yalipokwama, kwa sababu cheti kina "r" pale kitambulisho kina "l". Sisi Waluguru hatujawahi kugombana na herufi hizo mbili, lakini mfumo unagombana. Kijana akapumua, akasema tuendelee na la darasa la saba, mengine atayarekebisha kwa kiapo. Picha. Kituo. Masomo. Namba ya malipo ikatoka, binamu akalipa kwa simu palepale, fedha ya wiki mbili za vitumbua, na mikono yake ilikuwa bado ina harufu ya iliki.

Bibi hakulipa. Sisemi hili ili kuulaumu wakati huu. Mwalimu mwenyewe aliwaagiza walimu wafanye mengi kwa posho isiyofika, na hicho nacho ni kulipisha, ila waliolipishwa ni wengine. Sensa zinaonesha wanaojua kusoma miongoni mwa watu wazima wamepanda kutoka karibu 78 kwa 100 mwaka 2012 hadi 83 mwaka 2022, na miongoni mwao wamo watoto wa elimu bure waliokua. Wakati wa bibi serikali iliwahesabu waliojua. Siku hizi inawahesabu waliofaulu, na asiyefaulu anajitafutia mwenyewe, jioni, kwa fedha yake, kwa mwalimu aliyebandika namba ya simu kwenye nguzo.

"Barua pepe?" kijana akauliza.

Binamu hakuwa nayo. Kijana akamtengenezea kwa dakika moja, kisha akamwambia atafute mahali pa kuandika neno la siri, asilipoteze, maana matokeo na kila kitu yatategemea hilo. Akapekua mkoba. Akatoa daftari dogo lenye madoa ya mafuta, akalifungua katikati, penye orodha ya madereva wa bodaboda waliokula vitumbua hawajalipa, akaandika pale kwenye nafasi iliyobaki, herufi kubwa, moja moja, huku kijana akimsomea.

"Ya mwisho ni namba au herufi?" aliuliza.

"Namba. Sifuri."

Akaichora, akaizungushia duara ili isichanganyike na deni la mtu.